Malaria, uvimbe wa taya na kinga iliyochoka

Mara nyingi huanza na jino. Mtoto wa miaka sita au saba analalamika kwamba gego linacheza, mama anadhani meno ya utoto yameanza kung'oka, pengine anampeleka kwa mtu wa meno na jino linatolewa. Baada ya wiki moja shavu limejaa. Wiki inayofuata jicho la upande ule limesukumwa nje, au tumbo limekuwa gumu, na hapo ndipo safari ya hospitali ya rufaa inapoanza, ikiwa tayari imechelewa. Uvimbe huu ni miongoni mwa saratani za binadamu zinazokua kwa kasi kubwa kuliko zote. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili.

Hii ni saratani ya damu, ingawa hujitokeza tayani. Chanzo chake ni seli B, zile chembe nyeupe ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili. Madaktari huiita limfoma ya Burkitt, na katika maeneo yanayozunguka Ziwa Victoria na kaskazini mwa Uganda ni moja ya saratani zinazowapata watoto zaidi. Leo nataka tuitazame kwa upande ambao wazazi wengi hawajawahi kuelezwa. Mwilini kuna chembe nyeupe nyingine, seli T, ambazo zilipaswa kuuzima uvimbe huu ukiwa bado ni seli chache tu. Hazikuuzima. Sababu yake imetafutwa kwa zaidi ya miaka arobaini, na sehemu kubwa ya jibu imetoka katika damu ya watoto wa Kisumu na Nandi.

Historia yake inaanzia Kampala. Mwaka 1957, Hugh Trowell, daktari wa hospitali ya Mulago, alimwita mwenzake wa upasuaji, Denis Burkitt kutoka Ireland, amtazame mvulana wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuelewa ni kitu gani. Wiki chache baadaye, akiwa kazini Jinja, alitupa jicho nje ya dirisha akamwona mtoto wa kike mwenye uso wa namna ileile. Alipompima alimkuta na uvimbe tumboni pia. Tangu siku hiyo hakupumzika. Mwaka 1958 alichapisha maelezo ya ugonjwa huo, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakaondoka Kampala kuelekea kusini. Kwa wiki kumi walipita hospitali moja baada ya nyingine, Tanganyika, Nyasaland, Msumbiji na kwingineko, wakionyesha picha za watoto waliovimba taya na kuuliza: mmewahi kuona hii?

Majibu waliyorudi nayo yalichora ramani ya ajabu. Ugonjwa ulikuwepo penye joto na mvua, na katika maeneo ya ikweta ulitoweka ukishapanda mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Watoto wa uwanda wa ziwa waliupata, wa milimani hawakuupata. Wakati huo Burkitt na wengine walidhani kuna kirusi kinachosambazwa na mbu. Kirusi kweli kilikuwepo. Mjini London, Anthony Epstein alisikiliza mhadhara wa Burkitt mwaka huohuo wa 1961, akaomba vipande vya uvimbe vitumwe kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kirusi walichokiona ndani ya seli zilizooteshwa kutokana na vipande hivyo. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, na mpaka leo kinaitwa Epstein-Barr.

Lakini mbu hana habari nacho. Kirusi hiki huenea kwa mate, na zaidi ya watu wazima tisa katika kila kumi duniani wanacho. Huenda wewe msomaji unacho, nami ninacho. Kikishaingia hujificha ndani ya seli B na kukaa humo maisha yote. Ulaya na Marekani, kijana anayekipata akiwa amekua anaweza kuugua homa na kuvimba tezi kwa wiki kadhaa, kisha akapona. Huku kwetu watoto wengi hukipata wakiwa bado wachanga na hakuna anayejua kimepita lini. Kwa hiyo kupata kirusi si kupata saratani. Katika kijiji kizima chenye watoto wenye kirusi, mmoja tu ndiye anayevimba taya, na baba yake anauliza swali ambalo kila mzazi angeuliza: kwa nini wangu?

Kwa wengi wetu kinachokizuia kirusi hiki ni seli T. Kila seli ya mwili hukatakata baadhi ya protini zake na kutandaza vipande juu ya ukuta wake wa nje, kama muuza maharage anavyoweka sampuli juu ya gunia. Seli T hupita zikikagua, na kila moja imezaliwa na uwezo wa kutambua aina yake ya kipande. Ikikuta kipande cha kirusi, hugawanyika na kuwa kundi kubwa. Baadhi yake, ziitwazo CD8, huiua moja kwa moja seli yenye kirusi. Nyingine, CD4, huratibu kazi yote kwa kumwaga kemikali kama interferoni gama, na baadhi yake nazo zinaweza kuua. Mtu mzima mwenye afya ana idadi kubwa ya seli T zinazokichunga kirusi cha Epstein-Barr peke yake, mchana na usiku, mpaka anakufa akiwa mzee bila kujua kwamba lindo hilo lilikuwepo.

Watu wakisikia kinga hufikiria kingamwili, kwa sababu ndizo zinazopimwa mara nyingi. Katika saratani hii kingamwili zimewahi kuwadanganya wataalamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watafiti walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile, Uganda, wakaihifadhi na kusubiri. Wale wachache ambao baadaye walipata uvimbe walikutwa walikuwa na kingamwili nyingi dhidi ya kirusi kuliko wenzao, tena muda mrefu kabla ya kuugua. Kingamwili hizo nyingi hazikuwalinda. Zilikuwa ishara kwamba kirusi kilikuwa kimeachiwa nafasi ya kuzaliana. Upande wa pili wa jambo hilo umeonekana karibuni wakati wa Uviko-19. Huko Philadelphia, Marekani, watafiti waliwafuatilia watu wenye saratani za damu walioambukizwa, baadhi yao wakiwa wametibiwa kwa dawa zinazofuta seli B, kiasi kwamba hawakuweza kutengeneza kingamwili vizuri. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba wagonjwa wenye seli CD8 za kutosha walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupona. Kwa mwenye saratani ya damu, kuhesabu kingamwili peke yake hakutoshi kumwambia daktari hali ya kinga.

Sasa turudi kwenye ramani ya Burkitt. Joto, mvua, uwanda wa chini: ndiyo ramani ya malaria ya kudumu, ile inayompata mtoto mwaka mzima bila msimu. Wapo waliotaja uhusiano huo tangu miaka ya 1960, lakini kuona mahali pamoja kwenye ramani si kueleza jinsi jambo linavyotokea. Mwaka 1984, Hilton Whittle na wenzake waliokuwa wakifanya kazi Gambia walichapisha jaribio ambalo mimi huliona kuwa fundo la habari hii yote. Walichukua seli T za watu waliokuwa wakiugua malaria wakaziweka pamoja na seli B zenye kirusi cha Epstein-Barr. Seli T za mtu mwenye afya huzizuia seli B hizo zisizaliane ovyo. Za mgonjwa wa malaria zilishindwa. Vimelea vinavyoletwa na mbu vilikuwa vimelegeza lindo juu ya kirusi kinacholetwa na mate.

Malaria moja hupita. Mtoto wa kando ya ziwa haumwi mara moja. Ndiyo maana miaka ishirini baadaye Ann Moormann, Rosemary Rochford na wenzao wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, waliamua kulinganisha watoto wa sehemu mbili zisizo mbali sana: Kisumu, iliyo kando ya ziwa ambako malaria haikatiki, na Nandi, kwenye miinuko ambako malaria huja kwa vipindi. Kwanza, mwaka 2005, walionyesha kwamba watoto wa Kisumu wana kirusi kingi zaidi katika damu. Kisha wakazipima seli T.

Kipimo chenyewe kinafaa kuelezwa. Damu ya mtoto huchujwa zikabaki chembe nyeupe. Chembe hizo hugawanywa katika sahani ya plastiki yenye vishimo 96, kila kimoja kidogo kuliko ncha ya kidole, na chini yake kimepakwa kitu kinachonasa interferoni gama. Ndani ya kila kishimo hudondoshwa kipande cha protini ya kirusi. Kama kuna seli T inayokitambua, itamwaga interferoni palepale ilipo, na rangi ikiwekwa hutokea doa. Doa moja, seli moja. Mtaalamu anahesabu madoa: kishimo hiki kina mengi, hiki kina machache, hiki ni cheupe kabisa. Matokeo ya mwaka 2007 yalikuwa hivi: watoto wa Kisumu wenye umri wa miaka 5 hadi 9 walitoa madoa machache dhidi ya Epstein-Barr kuliko wa Nandi wa umri huo. Kwa wadogo zaidi na wakubwa zaidi tofauti haikuonekana. Na miaka 5 hadi 9 ndio umri ambao uvimbe wa taya hushika zaidi.

Hapo mtu angeweza kusema basi, watoto hawa kinga yao ni dhaifu. Ningekuwa mzazi, neno hilo lingeniumiza, na tena si kweli. Mwaka 2009 kundi hilohilo lilichapisha vipimo vya watoto waliokwisha kuugua limfoma ya Burkitt. Seli zao T bado ziliitikia vitu vingine, vikiwemo vimelea vya malaria na protini nyingine za kirusi. Kilichopungua mno, kuliko kwa watoto wenye afya waliolingana nao, ni interferoni dhidi ya protini moja, iitwayo EBNA1. Kinga ya watoto hawa ilikuwa imepwaya mahali pamoja tu.

Pahali hapo pamoja ndipo uvimbe ulipojificha. Kirusi cha Epstein-Barr kinaweza kutengeneza protini nyingi, lakini ndani ya seli za limfoma hii kwa kawaida huzima karibu zote na kubakiza EBNA1, ambayo kinaihitaji ili kisipotee kila seli inapogawanyika. Hata hiyo moja ina ujanja wake. Sehemu ndefu ya EBNA1 imejengwa kwa viambajengo viwili tu vinavyojirudiarudia, na mwaka 1995 watafiti wa taasisi ya Karolinska, Sweden, walionyesha kwamba mrudio huo huzuia protini isikatwekatwe vizuri na mashine ya ndani ya seli. Isipokatwa, vipande havitandazwi, na seli CD8 hupita bila kuona kitu. CD4 ndizo zinazoimudu EBNA1 vizuri zaidi. Kwa mtoto aliyepoteza mwitikio wa EBNA1, hakuna lindo la pili la kuutambua uvimbe kwa alama ya kirusi.

Malaria ina mkono mwingine pia, na huo ni upande wa seli B zenyewe. Kila homa huzilazimisha zigawanyike kwa wingi na kuhariri jeni zao za kingamwili, na kimeng'enya kinachofanya uhariri huo hukata DNA. Mara nyingi kinakata panapotakiwa. Mara chache sana kinakosea, na kipande cha kromosomu ya 8 kinahamia kwenye kromosomu ya 14. Jeni iitwayo MYC, ambayo huamuru seli zikue, inajikuta imewekwa mahali ambapo haizimwi. Seli moja ya namna hiyo ikitokea kwa mtoto ambaye seli zake T zinaiona EBNA1, yumkini inauawa mapema. Ikitokea kwa mtoto mwingine, ndiyo mwanzo wa jino linalocheza.

Je, tukizuia malaria tunazuia saratani? Tanzania ilikuwa ya kwanza kuliuliza swali hilo kwa vitendo. Kati ya 1977 na 1982, huko Mara Kaskazini, watoto wa chini ya miaka 10 waligawiwa vidonge vya klorokwini ili kupunguza vimelea mwilini, huku wagonjwa wa uvimbe wakihesabiwa. Malaria ilipungua na uvimbe ukapungua. Lakini wagonjwa walikuwa wameanza kupungua hata kabla ya vidonge, na vimelea navyo vikaanza kuizoea dawa, hivyo ripoti ya mwaka 1989 haikuweza kutoa hukumu. Nawaheshimu watafiti hao kwa kuandika walichokiona bila kukiongezea chumvi. Ushahidi mwingine umekuja kwa njia ambayo haikuhitaji vidonge. Katika utafiti mkubwa uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania, ukiongozwa na Sam Mbulaiteye, Mganda anayefanya kazi katika taasisi ya saratani ya Marekani, damu ya watoto wa kaskazini mwa Uganda ilionyesha kwamba waliorithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, ambao malaria kali huwapata kwa nadra, hupata pia limfoma hii kwa nadra zaidi. Mtoto hachagui jeni zake, kwa hiyo ushahidi wa namna hii ni mgumu kuupinga.

Kuhusu tiba, jambo la kwanza la kumwambia mzazi ni kwamba ugonjwa huu unatibika. Burkitt mwenyewe Kampala, na Peter Clifford Nairobi, waliona katika miaka ya 1960 uvimbe ukiyeyuka kwa dozi chache za saiklofosfamaidi. Baadhi ya watoto walipona na kubaki wazima kwa miaka baada ya dawa kidogo sana, kiasi kwamba madaktari wa wakati ule walianza kushuku kwamba kinga ya mtoto inamalizia kazi iliyoanzwa na dawa. Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago, ambacho leo ndicho Taasisi ya Saratani ya Uganda, na mwaka 1972 tuzo ya Lasker ilitolewa kwa kundi la madaktari walioonyesha kwamba saratani inaweza kuponywa kwa dawa, akiwemo Burkitt, John Ziegler aliyekiongoza kituo hicho, na Victor Anomah Ngu wa Kamerun. Sehemu ya ujuzi wa kemo ambao dunia nzima inautumia ilijifunziwa kwa miili ya watoto wa Uganda, Kenya na Nigeria. Sipendi jambo hilo lisahaulike.

Leo katika nchi tajiri karibu watoto tisa kati ya kumi wanapona. Kwetu wanaopona ni wachache zaidi, na dawa si sababu pekee, maana kadhaa kati yake ni za zamani na zinajulikana. Mtoto anafika uvimbe ukiwa umeshafika tumboni au kwenye uti wa mgongo. Kabla ya hapo ametibiwa jipu, au kifua kikuu. Kinyama kinachukuliwa na majibu yanakawia huku uvimbe ukikua kila kukicha. Kemo inaanza, mtoto ananawiri haraka, nauli inakwisha, na familia inarudi nyumbani ikiamini amepona ilhali dozi hazijakamilika. Wapo pia wanaofariki kwa maambukizi, kwa kuwa kemo hufagia chembe nyeupe pamoja na saratani, seli T zikiwemo. Homa kwa mtoto aliye kwenye kemo ni dharura ya saa ileile, haisubiri asubuhi wala panadoli. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliiweka limfoma ya Burkitt kati ya saratani sita za watoto zinazopewa kipaumbele, kwa lengo la kuwafanya walau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wapone ifikapo 2030.

Kwingineko seli T zenyewe zimekuwa dawa. Tangu miaka ya 1990, Cliona Rooney na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba seli T zilizofunzwa kukitambua kirusi cha Epstein-Barr zinaweza kudungwa kwa mgonjwa aliyepandikizwa uboho na kuzuia limfoma inayoletwa na kirusi hicho. Desemba 2022 Umoja wa Ulaya uliidhinisha dawa ya aina hiyo, seli za mchangiaji mwenye afya, kwa wagonjwa waliopata limfoma ya kirusi hicho baada ya kupandikizwa kiungo au uboho. Kabla ya hapo, Agosti 2017, Marekani ilikuwa imeidhinisha tiba ya kwanza ya seli T zilizobadilishwa jeni ili ziwinde seli B za lukemia ya watoto. Bei yake ilitangazwa kuwa dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja. Kirusi kilipatikana katika uvimbe wa mtoto aliyetibiwa Kampala. Dawa iliyozaliwa kutokana na ujuzi huo haijamfikia mtoto wa Kampala. Sisemi wodi zetu ziiombe kesho, kwa sababu pesa hizo zingelipia kemo kamili, nauli na chakula cha watoto wengi sana. Ninasema watafiti na serikali zetu wawe mezani bei na majaribio ya dawa hizo yanapopangwa, maana damu iliyofundisha ni ya huku.

Upande wa kinga kuna jambo jipya la kufuatilia. Chanjo dhidi ya Epstein-Barr bado ziko kwenye majaribio. Ya malaria ipo. Mwaka 2019 Kenya, pamoja na Ghana na Malawi, ilianza kutoa chanjo ya RTS,S kwa majaribio, na kwa Kenya eneo lililochaguliwa lilikuwa lile la ziwa na jirani zake: Homa Bay, Kisumu, Siaya, Migori, Busia na mengine, ukanda uleule wa uvimbe wa taya. Mtoto alipewa dozi ya kwanza akiwa na miezi sita. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwaka 2021, na chanjo ya pili, R21, mwaka 2023. Chanjo hizi hazizuii malaria yote, na chandarua bado kinahitajika, lakini zinapunguza idadi ya mara ambazo mtoto anaugua katika miaka ile ambayo seli zake T ndiyo kwanza zinajifunza kukichunga kirusi. Waliochanjwa wa kwanza wameshaingia umri wa miaka 5 hadi 9. Katika rejista za saratani za Kisumu na Eldoret wanaweza kutazamwa mmoja mmoja, kwa tarehe ya kuzaliwa na kadi ya kliniki, waliopata dozi zote na wasiopata, na hesabu hiyo inaweza kuanza sasa.